Maji ya Handeni, Mtoto wa Bungu

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Daftari jipya. La zamani limelowa mtoni Luengera – lilikuwa kwenye mfuko wa nyuma, na mimi nimeingia majini hadi kiunoni. Ndiyo kazi yenyewe! Unachota maji, unayasukuma kwa bomba la mkono yapite kwenye kichujio kidogo kama kifuniko cha soda, kichujio unakitia kwenye kichupa chenye dawa, kichupa kinaingia kwenye boksi la barafu. Basi. Dokta Jacob, bosi wangu, anasema kila mdudu anayepita majini huacha vinasaba vyake, kama mtu anavyoacha nywele kwenye kochi la watu. Hakuna haja ya kumshika. Konokono, kaa, watoto wa kereng'ende, wote wanasomwa kwenye mashine huko Dar, hata wale ambao macho yetu hayajawahi kuwaona.

Mimi bado napenda wavu. Napenda kumwona mdudu mwenyewe anavyochachamaa kwenye sinia. Dokta anasema huo ni ushamba. Sawa.

Jioni nimepiga simu nyumbani Bungu. Mama akapokea, nikamsikia anamwita Lea: njoo, Raheli yuko kwenye simu. Akaja mbio, anahema, akanieleza habari za kuku aliyetotoa. Ananiita Raheli, hivyo hivyo, kama bibi yake anavyoniita. Mtoto niliyemzaa! Nikacheka naye.

Alhamisi, 17 Oktoba

Handeni, kijijini kwa Bi Mwaija. Ni shangazi yake Twaha, dereva wetu, ndiyo maana tunalala hapa na si gesti. Twaha ni Mzigua, mimi Msambaa, kwa hiyo nina mtani wa bure tangu anawasha gari mpaka anazima. Leo kasema Wasambaa tumezoea maji kujileta yenyewe mpaka mlangoni, ndiyo maana tuna dharau. Nikamwambia kila akinywa glasi ya maji, yatokayo milimani kwetu, atukumbuke. Akasema yeye hunywa soda.

Maji ya hapa ni lambo, bwawa la kuchimbwa la kukinga mvua. Ng'ombe, punda, ndoo, watoto, wote humo humo. Tumechuja sampuli tano na vichujio vinaziba kwa tope mpaka mkono unauma. Mwisho wa kila siku nachuja na maji ya Tupu. Tupu ni jina letu la lile dumu jeupe la maji safi ya maabara, yaliyosafishwa mpaka hayana kitu chochote ndani. Unayachuja palepale lamboni kwa vifaa vilevile. Tupu ikisomwa haina kitu, basi mikono yako ilikuwa safi na sampuli zote zinaaminika. Ikisomwa ina kitu – umeharibu. Ndiyo shahidi wetu. Mabuti tunayaosha kwa jiki mpaka yamepauka.

Bi Mwaija kanipa ndoo nzima ya kuoga. Nzima! Nikaona aibu, maana najua inatoka wapi na inabebwa na kichwa cha nani. Wakati wa kula bada, ule ugali wa muhogo, aliniuliza nina watoto wangapi.

Mmoja.

Yuko wapi?

Kwa bibi yake, Bungu.

Akaridhika. "Basi mtoto hana shida."

Nikaitikia kwamba hana. Mwenye shida ni mimi, hilo sikulisema.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimerudi Korogwe. Nimepanga upya chumba. Kitanda kidogo kimefika kutoka kwa fundi, mbao bado zinanukia. Nimempatia Lea nafasi ya darasa la kwanza shule ya hapa Manundu, mwalimu mkuu kakubali. Shule zikifunguliwa Januari aanze hapa, akae na mimi.

Lakini sitaki kumng'oa kama mche. Likizo yangu inaanza tarehe mbili Desemba. Nitapanda Bungu, nikae nao mwezi mzima, nilale naye, nimwogeshe, anizoee kwanza. Akishuka na mimi ashuke na mtu anayemjua. Hiyo ndiyo mipango. Naipenda sana mipango hii, usiku nailalia.

Kwetu mtoto wa kwanza kukaa kwa bibi si ajabu. Mimi mwenyewe nilikaa Dindira kwa bibi mzaa baba hadi darasa la tatu. Lea alipoacha ziwa nikaenda kusoma Morogoro, baba yake akawa ameshaoa Arusha, Mama akasema nipe huyo. Nikampa. Nilidhani ni kwa muhula mmoja.

Leo nimemwambia Mama habari za shule. Akasema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa safi kabisa, nilikuwa nasikia mpaka jogoo.

Jumatano, 13 Novemba

Mombo. Mvua za vuli zimeshuka, mto una rangi ya chai ya maziwa. Tumefanya tulichoweza. Kwenye wavu nimepata kaa mmoja mwenye hasira, kanibana kidole, Twaha kacheka mpaka akakaa chini.

Tuliposimama kula mahindi, basi la Lushoto lilikuwa linapakia. Dirishani mama mmoja anamlisha mtoto ndizi, mtoto anageuza uso, mama anamfuata na ndizi, anageuka tena. Mama kachoka, kakasirika, kampiga kofi mkononi. Mtoto kalia, halafu kalala juu yake huyohuyo aliyempiga.

Nilimwonea wivu yule mama. Hata lile kofi. Mimi Lea hajawahi kunikasirikia. Mgeni hakasirikiwi.

Nimemkumbuka Lea mpaka nikaacha mahindi nusu. Twaha akauliza kama ni kidole kinauma, nikasema ndiyo.

Ijumaa, 29 Novemba

Siku mbaya.

Majibu ya Handeni yamekuja kutoka Dar. Tupu imejaa! Viluwiluwi vya mbu wa aina mbili, konokono, viroboto wa maji, kunguni wa majini, mpaka ng'ombe. Shahidi wetu anasomeka kama lambo lenyewe. Dokta Jacob kafungua laptopu mbele yangu, kaigeuza nione. Halafu kasema kwa upole, na upole wake ndio unaoumiza: Raheli, glavu ulivaa?

Nilivaa! Nilibadilisha kila sampuli. Jiki nilitumia mpaka vidole vikachubuka. Sampuli za Luengera na Mombo, kila safari na dumu lake jipya, zina Tupu safi kabisa. Ni Handeni tu. Nimerudia kichwani kila hatua. Sioni nilipokosea.

Kama hatujui uchafu ulianzia wapi, sampuli zote za Handeni ni za kutupa. Dokta kasema zirudiwe kabla malambo hayajajaa sana, yaani sasa. Nikamwambia Jumatatu naanza likizo, nina mtoto. Akauliza, si yuko kwa bibi yake? Nikasema ndiyo. Basi hana shida, akasema.

Ningemrushia lile dumu.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimejua. Heri nisingejua!

Tumekwenda Handeni na Twaha kuangalia upya kila mahali tulipofanyia kazi. Bi Mwaija katupokea, shikamoo, marahaba, habari za huko milimani, kabichi nilizomletea kazishika moja moja. Nikauliza polepole: bibi, lile dumu jeupe tulilokuwa tunaliacha barazani, kuna mtu aliligusa? Watoto labda?

Uso ukamng'aa. Kumbe alikuwa anangoja tuone! Kila jioni tulipokwenda kuoga, yeye alilikuta limepungua. "Kwangu mgeni haachiwi chombo nusu," akasema. Akalijaza. Na si kwa maji ya ovyo – alikwenda lamboni mwenyewe alfajiri kabla ng'ombe hawajayavuruga, akayachemsha kwa kuni, akayachuja kwa kanga mpya ambayo hajaivaa. Maji mazuri kuliko anayokunywa yeye.

Dokta alishanifundisha: kuchemsha kunaua mdudu, lakini vinasaba vyake havitoki majini kwa kuchemsha mara moja. Na kanga huchuja tope tu.

Twaha akaangalia paa. Mimi nikaanza kucheka, nikacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Bi Mwaija akadhani ni shukrani. Akanipigapiga mgongoni, akaniambia hakuna haja, mwanangu, ni maji tu.

Ningemwambia nini? Kwamba wema wake umefika Dar ukasomwa uchafu? Nikamwambia asante bibi. Na kwa kweli nilimaanisha asante. Hapo ndipo penye uchungu – hakuna hata wa kumlaumu! Kosa ni langu kuacha dumu la maji wazi barazani kwenye nchi yenye kiu.

Njiani Twaha hakunitania hata mara moja. Hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya.

Jumatatu, 2 Desemba

Sasa hivi ningekuwa kwenye basi, tumeshapita mashamba ya chai ya Dindira, baridi inaanza kuingia dirishani. Badala yake naosha mabuti kwa jiki.

Nimemwambia Dokta ukweli wote. Akacheka kwanza, halafu akaniomba radhi kwa lile swali la glavu. Nimemsamehe. Lakini kazi ipo palepale: malambo yote, visima vyote, upya.

Simu na Bungu. Mama kasema sawa, kazi ni kazi. Nilisikia jinsi alivyolitua lile "sawa" kama mtu anayetua mzigo. Alifurahi! Lea yeye kauliza nakuja lini nikasema Krismasi, akasema sawa, sasa naenda kucheza.

Alhamisi, 12 Desemba

Handeni bado. Mvua, tope, gari limenasa mara mbili. Dumu sasa linalala ndani ya gari, limefungwa kwa ufunguo, na Bi Mwaija nimempa chupa nyingine ya kunijazia. Anaijaza kila jioni. Nainywa yote mbele yake.

Leo nikichuja nilikuwa na wazo la kipuuzi. Kama mtu angechota maji kwenye mtungi wa Mama kule Bungu, akayachuja, akayapeleka kwenye mashine Dar – ningeonekana? Kwenye nyumba ile anayokua mwanangu, nimebaki hata kidogo? Au ingesomeka Tupu?

Nimemaliza sampuli ya mwisho ya kisima. Glavu, jiki, barafu. Nataka kwenda kwa mtoto wangu.

Jumatano, 25 Desemba

Bungu! Nimefika jana na mvua. Lea kanipokea mzigo kama unavyompokea mgeni, shikamoo, kanisogezea kigoda. Kakua. Meno mawili ya mbele hayapo. Ananiita Raheli, na leo kanisani kakaa katikati yetu, lakini mkono kaushika wa bibi yake.

Baada ya kula nikabaki jikoni na Mama, tunamenya viazi vya jioni. Nikamwambia nashuka naye Ijumaa ya tarehe tatu. Hakunyanyua macho. Akaongea, na Mama si mtu wa maneno.

"Wewe nilikunyonyesha tu. Bibi yako wa Dindira akaja na kapu, baba yako akasema ndiyo mila, ukaondoka ukilia. Uliporudi ulikuwa mkubwa, unaniamkia kama jirani. Sikukulea wewe, Raheli. Huyu Lea ndiye mtoto wa kwanza kunililia mimi."

Mkono wake haukusimama. Maganda yalikuwa yanateremka marefu bila kukatika.

Niliendelea kumenya. Miaka yote hii nilidhani mwenye hamu kwenye nyumba hii ni mimi peke yangu. Nilimpenda sana Mama pale, na bado nilimtaka mwanangu. Vyote viwili, kwa pamoja, hata sijui niviweke wapi.

Ijumaa, 3 Januari 2025

Tumeshuka. Lea hakulia. Mama naye hakulia. Alikwenda shambani kabla basi halijaja, kasema magugu hayangoji.

Lea katapika kwenye kona za Dindira. Nilimfuta kwa kitenge changu, akaniruhusu.

Jumanne, 7 Januari

Lea hali chakula. Ugali kidogo, mboga anasukuma pembeni. Anasema maji ya hapa yana ladha ya bomba. Mbu wamemla miguu. Joto – anavua nguo zote analala sakafuni, kitanda kipya anakiangalia tu. Ni mtoto mwenye adabu, na hiyo adabu inaniua. Ahsante. Nimeshiba. Samahani. Ningependa aruke, avunje kitu!

Jana alinikuta natengeneza vifaa akauliza navitafutia nini vidudu hivyo. Nikamwambia kujua nani anakaa wapi. Akafikiri. Akasema, si uwaulize?

Jumamosi, 11 Januari

Siku nzuri, niiandike yote.

Nimempeleka Lea mtoni Luengera. Dokta kaniruhusu, leo haikuwa kazi, wavu tu. Lea alikunja gauni, akaingia, akageuza jiwe kwa namna ambayo hakuna aliyemfundisha, akamdaka kaa kwa nyuma ili asimbane. Kwa mkono mtupu! Nilipiga kelele. Akacheka na lile pengo lake. Twaha, aliyetuleta, kasema hatimaye Msambaa mwenye akili. Tulikaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Alinirushia maji usoni, akaogopa kwamba amekosa, nami nikamrushia. Akanirushia tena, kwa nguvu.

Majibu ya Handeni nayo yamekuja. Tupu haina kitu. Kwenye lambo la kijiji cha Bi Mwaija kuna viumbe wengi kuliko kote tulikopima bondeni, Dokta haamini macho yake. Kaniita "mtaalamu" mbele ya watu. Zamani ningelala na neno hilo chini ya mto. Leo nilikuwa na haraka ya kwenda kupika, maana mtoto amesema ana njaa.

Amekula sahani mbili! Halafu akauliza, kesho twende kwa bibi?

Jumatatu, 13 Januari

Naandika asubuhi, kwa haraka, nimesimama.

Mama kashuka jana bila kusema. Kasema kaleta viazi na maharage mabichi tu, yanaharibika shambani. Chini ya viazi kulikuwa na sweta la bluu, kalifuma mwenyewe, rangi ya sare ya shule ya Bungu. Baridi ya asubuhi, akasema. Baridi! Korogwe, Januari! Sikubisha. Lea akalivaa palepale na hakulivua tena, kalala nalo.

Leo shule zinafunguliwa. Nimemwogesha, nimemvalisha sare ya hapa, shati jeupe, sketi, nimempaka mafuta miguuni kwenye alama za mbu. Nikageuka kuchukua begi. Nilipogeuka tena alikuwa amelivaa tena sweta, kalivuta mpaka kidevuni. Jasho linamtiririka. Nikamwambia livue mwanangu, utaungua. Hapana. Mama naye akamwambia livue. Hapana! Kapiga mguu chini. Kamkasirikia bibi yake, kanikasirikia mimi, wote sawasawa. Kaenda kukaa kizingitini na begi mgongoni, anapumua kwa mdomo.

Basi la Bungu liko stendi, linapakia. Shule iko nyuma ya nyumba tatu, nasikia watoto wanavyokusanyika.

Mama alikuwa anafunga kapu lake. Akasimama. Akamtazama Lea, halafu mimi. Nilingoja aniambie mtoto anateseka, nimwache arudi, nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kumjibu tangu Krismasi. Akasema kwa sauti ndogo: "Amua wewe, Raheli. Wewe ndiye mama yake."

Hajawahi kulisema. Tangu siku niliyojifungua, hata mara moja.

Nikakimbilia humu chumbani. Nikawaambia nakuja, navaa viatu. Viatu nimevaa tangu saa ile.